Pale Penye Mkwaruzo

Tiketi elfu ishirini na tano, viti viwili safu ya kumi,
ukumbi wa Upanga wenye kiyoyozi cha kugandisha samaki.
Mwantumu kaja na mtandio wa ziada, ndivyo alivyo,
na korosho mkobani, ingawa mlangoni wameandika: chakula marufuku.

Filamu hii sisi tuliijua kwa CD ya kukodi,
mia tano kwa usiku, Mtoni Kwa Azizi Ali,
kibanda cha Bi Sikujua chenye pazia la viroba.
Ilipita mikono mingi hadi ikachanika michirizi.
Kila Alhamisi Chausiku huja stesheni kuulizia barua.
Kila Alhamisi karani Gulamu humpa barua.
Mpaka siku anautambua mwandiko,
ile herufi iliyoinama kama mbuzi anayekunywa maji,
anaiweka bahasha juu ya kaunta:
"Kumbe ni wewe uliyekuwa ukiandika?"

Na hapo CD hunasa.
Mdomo wa Gulamu unafunguka, unageuka vigae,
vigae vya kijani, deki inakohoa,
kisha tunamwona Chausiku yuko tayari ndani ya treni,
analia, au anacheka, hatukuwahi kuafikiana.
Tuliifuta kwa khanga. Tuliifuta kwa dawa ya meno.
Mama akasema ilazeni kwenye friji la jirani, tukailaza.
Wapi!

Ndipo Mwantumu, miaka tisa, pengo mbele,
akasimama kati yetu na runinga, kalamu sikioni,
akalijaza shimo kwa sauti nzito ya kuazima:
"Wino ulikuwa wa serikali, Chausiku.
Maneno yalikuwa yangu."

Tangu hapo watoto wa mtaa wakija kutazama,
ikifika pale humgeukia yeye.

Leo treni ni vijana sita na mabati,
wanasota kwa magoti, filimbi mdomoni,
na naapa nilisikia harufu ya dizeli.
Chausiku wa leo mwembamba, kifua chake kinanda,
hata bei ya chungwa anaiuliza kwa wimbo.
Nilibana kicheko wimbo wa kwanza, wa pili.
Wa tatu, ule wa kuhesabu Alhamisi,
nikajikuta nauomba ule mtandio, na si kwa baridi.

Bahasha juu ya kaunta.
Mwantumu akanishika kifundo cha mkono
kinesi, kana kwamba anapima mapigo.
Miaka ishirini na miwili.
Gulamu akavuta pumzi.

"Nisamehe," akaimba. "Nisamehe, nisamehe,"
kwaya ikainuka nyuma yake, taa zikawa buluu,
ukumbi mzima wima, makofi, vigelegele,
na sisi wawili tumekaa
kama waliovunja kufuli la sanduku la bibi
wakakuta magazeti.

"Ndiyo hilo tu?"
"Labda wamebadilisha," nikasema.
"Labda kwenye filamu alinyamaza."
"Mtu hafungui mdomo vile ili anyamaze."

Nje joto likatupokea kama shangazi, bila kuuliza.
Tukasimama Barabara ya Umoja wa Mataifa kungoja bajaji,
Mwantumu na gauni lake la harusi za watu,
anatafuna korosho, kimya, mtu wa kimya si yeye.
Mara akaisokota tiketi, akaichomeka sikioni.
"Niulize."

Nikamuuliza. Nilianza kwa mzaha,
lakini sauti ilinitoroka katikati:
"Kumbe ni wewe uliyekuwa ukiandika?"

Akafungua mdomo
akauacha wazi.
Taa ya bajaji ikampiga usoni, akawa wa kijani, kisha wa njano,
ameganda, hapepesi, ananitazama mimi.

"Wino," nikasema, "wino ulikuwa wa serikali."

Dereva akapunguza redio.
"Wino gani tena, dada zangu? Mnakwenda wapi?"